Kisukari na mafuta ya kupikia Morisi: maswali na majibu

Ni kweli kisukari ni ugonjwa wa Wahindi?

Hapana. Morisi wanaishi pamoja Wahindu na Waislamu wenye asili ya India, Wakrioli wenye asili ya Afrika, na Wachina. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1987 ulikuta makundi yote yakikaribiana: katika kila moja, zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kumi alikuwa na kisukari. Ukoo una mchango wake, hasa kama mzazi anaugua. Lakini watu wa asili mbalimbali wakiugua karibu sawa, tazama kwanza wanachoshiriki: kazi za kukaa, unga mweupe, soda, na safari fupi zinazofanywa kwa gari.

Serikali ilichukua hatua gani?

Iliyonivutia zaidi haikumtaka mwananchi ajinyime chochote. Mafuta ya bei nafuu yaliyotumika majumbani yalikuwa na mawese kwa wingi, na mawese yana mafuta mengi yanayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Mwaka 1987 serikali iliagiza yatengenezwe zaidi kwa soya. Watu wakaendelea kukaanga kama kawaida. Walipopimwa tena mwaka 1992, wastani wa lehemu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Uvutaji wa sigara nao ulipungua: kwa wanaume, kutoka asilimia 58 hadi 47.

Basi kisukari nacho kilipungua?

La, wala unene haukupungua. Kijiko cha mafuta ya soya kina nishati ileile ya kijiko cha mawese. Moyo unapata nafuu, kiuno hakijui tofauti. Leo takriban mtu mzima mmoja kati ya watano ana kisukari. Tangu 2013 vinywaji vyenye sukari hutozwa ushuru kwa gramu ya sukari, jambo ninaloliunga mkono, ingawa ushuru peke yake hauamshi mtu kitini.

Niache dholl puri?

Sioni haja. Ni chapati ya unga wa ngano na dengu, na kawaida huuzwa mbili mbili. Kula moja, ongeza mboga za majani, na uteremshie kwa maji badala ya soda. Wali vilevile: punguza kipimo.

Joto hili nitatembeaje?

Alfajiri au magharibi. Lenga dakika 150 kwa wiki. Unaweza kuzigawa upendavyo.

Nipime lini, na sijisikii mgonjwa?

Hata sasa, maana wengi hawana dalili yoyote kwa miaka. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kidonda kisichopona vikionekana, usingoje wiki ijayo. Vituo vya afya vya serikali havitozi malipo. Nenda asubuhi kabla ya kula. Sukari ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, daktari atarudia kipimo kuthibitisha kabla ya kukuanzishia matibabu.