Maembe yasioze: maji ya moto kwanza, gundi baadaye

Embe linatoka mtini safi, halina hata doa, kisha baada ya siku chache sokoni ganda linajaa madoa meusi yanayodidimia. Wengi humlaumu msafirishaji. Mara nyingi ni chule, ugonjwa unaoletwa na kuvu, na kuvu huyo aliingia zamani, mvua zilipokuta maua na matunda machanga. Hujificha ndani ya ganda bila dalili mpaka embe lianze kuiva. Ndiyo maana kuosha kwa mwarobaini, siki au majivu hakuleti nafuu inayotarajiwa: dawa inabaki juu ya ganda, kuvu yuko chini yake. Joto ndilo linalomfikia.

Kipimo ni maji ya nyuzijoto 52 kwa dakika 5. Chini ya 50 unapoteza kuni tu. Ukipita 55 ganda linababuka. Usipime kwa mkono. Kipimajoto ni lazima, na kichovywe katikati ya pipa, si pembeni karibu na moto.

Lakini kabla ya pipa kuna utomvu. Vuna asubuhi ukiacha kikonyo cha sentimita 1 au 2, embe likiwa limekomaa, yaani mabega yamejaa na kupanda juu ya shina la kikonyo. Kata kikonyo kivulini, kisha lilaze embe kichwa chini kwenye wavu hadi utomvu ukome kuchuruzika. Utomvu ukigusa ganda huliunguza, na michirizi hiyo ya kahawia haitoki tena. Halafu osha. Yaliyopondeka au kutobolewa yaweke kando. Embe changa nalo lisiingie kwenye maji ya moto. Huungua upesi kuliko lililokomaa.

Tiba ifanyike ndani ya siku moja tangu kuvuna. Kwa lita 100 za maji, kilo 10 kwa mkupuo zinatosha. Matunda yakiingia, joto hushuka digrii moja hadi mbili, hivyo weka karibu sufuria ya maji yanayochemka, ongeza kidogo kidogo na ukoroge. Matunda yazame yote. Tumia tenga lenye mfuniko kwa sababu maembe mengine huelea. Hesabu dakika tangu kipimajoto kirudi 52.

Baada ya hapo yapoze kwenye maji baridi kwa dakika 10 hivi. Hapa watu wengi hukosea. Embe moto likitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo. Maji ya bwawa au yaliyotumika tangu asubuhi huingiza uozo uleule uliokuwa ukiukimbia. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na uyabadilishe mara kwa mara.

Tiba hii haiui funza wa nzi wa matunda. Huyo yuko ndani ya nyama ya tunda na anahitaji joto la muda mrefu zaidi: soko la Marekani, kwa mfano, hudai nyuzijoto 46.1 kwa dakika 65 hadi 110 kutegemea aina na uzito wa embe. Kazi hiyo ni ya mitambo, si ya pipa la nyumbani.

Maembe yakikauka kabisa ndipo uyapake gundi ya mgunga, ile iitwayo gamu arabiki, inayopatikana Turkana, Samburu na Isiolo. Yeyusha gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, kama nyuzijoto 40, ukikoroga karibu saa nzima, kisha chuja kwa kitambaa. Mililita 10 za gliserini ya chakula huzuia utando usipasuke. Chovya dakika moja au mbili, anika kivulini penye upepo. Utando huo hupunguza upotevu wa maji na kulifanya embe lipumue taratibu, hivyo linachelewa kuiva na kunyauka. Usiongeze gundi ukidhani zaidi ni bora. Utando mzito huzuia oksijeni, embe likachacha ndani na kunuka pombe huku nje linang'aa.

Hifadhi kwenye nyuzijoto 12 au 13. Friji ya kawaida ni baridi mno: ganda hupata mashimo ya kijivu na embe haliivi vizuri tena. Asiye na chumba cha baridi ajenge kibanda cha mkaa unaoloweshwa maji; hufanya kazi vizuri Makueni au Dodoma kwenye hewa kavu, lakini Tanga na Mombasa faida yake ni ndogo kwa sababu ya unyevu. Ndizi mbivu zisikae humo, gesi yake ya ethilini huyaivisha maembe yote pamoja.

Kila mavuno acha maembe 10 bila tiba, yaandike tarehe na uyahifadhi pamoja na mengine. Yasiyotibiwa yakitoa madoa na ya tiba yakawa safi, pipa lako liko sawa. Yote yakitoa madoa, kagua kipimajoto kwanza. Uozo ukianzia kikonyoni tu, kagua maji ya kupoza na jinsi matunda yanavyovunwa, hasa kama yanaanguka chini.