Jani moja kwenye vigae themanini

Kila anayetaka ukuta wa jikoni wenye majani huja kwangu, mchora vigae, na picha ya jani kwenye simu. Picha kali, hadi matone ya umande yanaonekana, na ombi ni lilelile: "Fundi, nitolee hili kama lilivyo, kwenye kila kigae." Nimelisikia kwa wateja, nimelisikia kwa wauzaji wa Kariakoo, na juzi nimelisikia kwa mbunifu wa ndani ambaye kazi hii ameisomea. Wote wanaamini kwamba jani likifanana sana na picha, ukuta nao utakuwa wa asili sana. Sivyo. Ukuta wa namna hiyo ndio unaochosha macho upesi kuliko kuta zote za maua, na nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu kwa mtu mmoja mmoja.

Tupige hesabu. Kati ya kaunta na makabati ya juu, jiko lako lina kama sentimita 60. Ukuta ni mita tatu na ushee. Kwa kigae cha sentimita 15 kwa 15, hivyo ni vigae 20 kwa urefu na safu 4 kwenda juu, jumla 80. Sasa lile jani la kwenye picha lina tundu dogo alilolitoboa mdudu, karibu na ncha. Kwenye jani moja tundu hilo linapendeza sana. Ndilo linalokuambia jani lilikuwa hai. Kwenye vigae 80 una matundu 80, yote upande uleule, yote karibu na ncha, yamejipanga kama wanafunzi mstarini asubuhi. Jicho likishalikamata tundu la kwanza haliwezi tena kuacha kuyaona yaliyobaki. Ukioka chapati utayaona, ukiosha vyombo utayaona.

Viwanda vinalijua tatizo hili. Vigae vinavyochapwa kwa mashine ya wino hutolewa na sura kadhaa za mchoro mmoja, zikachanganywa kwenye maboksi. Kwa vigae vya kuiga mbao au jiwe ujanja huo unafaa. Kwa jani moja kubwa katikati ya kigae haufai kitu, maana mtu anahesabu majani, hatazami mistari ya mbao.

Kwa hiyo nikichora, siulizi jani linafananaje. Nauliza mmea unakuaje. Chukua mpesheni. Shika tawi lake mkononi uliangalie vizuri: kwenye kila kifundo linatoka jani moja, na palepale kwapani mwa jani kinatoka kile kikamba cha kukamatia, na ua nalo likija linatokea hapohapo. Kifundo kinachofuata, jani limehamia upande wa pili. Ukiuheshimu mpangilio huo tu, unaweza kuchora jani kwa mistari mitano bila mshipa hata mmoja, na mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye mpesheni atasema, "Huo mpesheni." Ukiukosea, ukakitoa kikamba katikati ya shina kwa sababu pana nafasi tupu, hata mishipa yote ya dunia haitakuokoa. Mtu hatajua kilichomkera, ila atajua kuna kitu hakijakaa sawa.

Na kikamba chenyewe! Wachoraji wengi wanakichora kama springi inayozunguka upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kikamba kikishashika waya au kijiti kwa ncha yake, hakiwezi kuzunguka hivyo, kwa sababu ncha zote mbili zimefungwa. Kinajisokota nusu kuelekea kulia na nusu kuelekea kushoto, na katikati kunabaki kipande kifupi kilichonyooka ambapo mzunguko unageuka. Charles Darwin aliliandika hili katika karne ya 19, lakini huna haja ya Darwin, nenda kwenye uzio wowote wenye mpesheni. Kile kipande kilichonyooka ninakichora kila mara. Kina urefu wa milimita nne kwenye kigae na wateja wengi hawatakiona, nami sitakiacha.

Sasa twende kwenye mistari ya grauti, ule ujazo wa kati ya kigae na kigae, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mmea ukiishia ndani ya kigae, umetengeneza picha 80 ndogo zilizofungiwa. Ukitaka ukuta mmoja, shina lazima livuke. Na likivuka lazima likutane na mwenzake upande wa pili, hata fundi akikigeuza kigae.

Ninavyofanya ni hivi. Kwenye kila upande wa kigae naweka milango miwili, mmoja sentimita 5 kutoka kwenye kona na mwingine sentimita 10. Kwa kuwa umbali ni sawa kutoka kila kona, ukikizungusha kigae milango inaangukia palepale. Shina lolote linaingia na kutoka kwa milango hiyo tu. Ndani ya kigae niko huru: naunganisha mlango na mlango kwa mkunjo ninaoutaka, shina moja lipite juu ya jingine, jani lilalie mstari. Kigae kimoja kina mikao minne. Vigae vinne vilivyopangwa mraba, kila kimoja na mikao yake minne, vinakupa mipangilio 256, na hapo una mchoro mmoja tu. Ukiwa na michoro mitatu ya mashina na kigae kimoja kitupu, ukuta wako hautajirudia kwa namna ambayo jicho litaikamata.

Wazo hili si langu. Padri Mfaransa, Sébastien Truchet, aliandika mwaka 1704 juu ya vigae vya mraba vilivyogawanywa kwa mshazari rangi mbili, akaonyesha ni mipangilio mingapi inayotoka kwa kugeuzageuza kigae kilekile. Yake ilikuwa hesabu ya pembetatu. Mmea unaleta shida ambayo pembetatu haina, nayo ni juu na chini.

Hapo ndipo nabishana na wachoraji wenzangu. Mpesheni, maboga na mimea yote inayotambaa inakubali kugeuzwa, kwa sababu hata shambani inaelekea popote. Mwembe haukubali. Majani machanga ya mwembe yanatoka na wekundu wa kahawia yakiwa yamelegea, yananing'inia kwa mafungu kwenye ncha za matawi. Yageuze yaelekee juu, umeua kilichoufanya uwe mwembe. Mizizi ya mkoko ndiyo kabisa: ile miguu iliyopinda kuelekea matopeni ikiangalia dari ni kichekesho. Kwa hiyo mwembe na mkoko nauchora kwa ukuta mzima, kila kigae na nafasi yake, namba na mshale nyuma. Bei inapanda, na mteja analalamika kwamba mpesheni wa jirani ulikuwa nafuu. Ulikuwa nafuu kwa sababu ni mpesheni.

Vitupu nilivyovitaja ni vya lazima. Wateja wanadhani kigae kitupu ni cha kupunguza gharama. Mmea unahitaji hewa ya kuonekana, hasa kwenye jiko ambalo tayari lina sufuria, chupa za mafuta na makopo ya viungo.

Mambo ya udongo nayapitia haraka. Udongo wangu unasinyaa kama asilimia 9 kutoka kukatwa hadi kutoka tanurini, kwa hiyo nakata 16.5 nipate 15. Vigae vya mkono havilingani kabisa. Tofauti ya milimita moja kwa kila kigae, kwenye safu ya vigae 20, ni sentimita mbili mwisho wa ukuta. Kwa hiyo mwambie fundi wako aache milimita 3 za grauti, asibane, na kabla ya kupaka gundi avipange vyote chini sakafuni. Grauti ya saruji hunywa manjano ya mchuzi na hairudi. Nyuma ya jiko tumia ya epoksi. Rangi ya grauti ichukue rangi ya kigae, isiwe nyeupe juu ya kila kitu, maana mstari mweupe unakata shina ambalo tumehangaika kulivusha. Soketi zipimwe kabla sijachora.

Rangi ya kijani ndiyo inayonikosesha usingizi. Kila mtu anataka kijani cha jani, na njia ni mbili kuu: madini ya kromu na ya shaba. Kromu inavumilia moto na asidi, lakini kijani chake ni kizito. Juu ya glezi (ile ngozi ya kioo inayofunika kigae) yenye zinki kinageuka kahawia, na ikikaa tanurini karibu na glezi nyeupe ya bati, mvuke wake unaipaka weupe huo waridi. Ndiyo maana utaona kivuli cha pinki kuzunguka jani ambalo hakuna aliyelichora pinki. Shaba inatoa kijani kinachopita mwanga, kijani cha jani lililopigwa na jua la saa tatu asubuhi, na ndicho ninachokipenda. Tatizo ni kwamba glezi ya moto mdogo ikilishwa shaba nyingi hulegea mbele ya asidi, na jikoni kwetu kuna ndimu, ukwaju na siki.

Kwa hiyo kila kijani cha shaba nakijaribu kabla ya kukiuza. Kipande cha ndimu kinalala juu ya kigae usiku kucha. Asubuhi nakifuta na kuangalia kwenye mwanga wa dirishani, kigae nimekilaza mshazari. Pakibaki duara lililofifia au lililopoteza mng'ao, glezi hiyo haiingii jikoni, hata iwe nzuri namna gani. Vitabu vinalitaja jaribio hili kwa uhakika mkubwa kuliko nilionao mimi. Linapima usiku mmoja na asidi moja, juu ya kigae kipya. Halipimi miaka kumi ya mvuke, mafuta, sabuni ya unga na dodoki la chuma. Kuna makaburi ya nguzo pale Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, yaliyopachikwa vyombo vya Kichina vilivyokaa kwenye upepo wa bahari kwa vizazi, lakini hiyo ni kaure ya moto mkali, na mimi nachoma kama nyuzi 1,050. Sijifichi nyuma ya Wachina.

Siku hizi nafanya hivi: sentimita 30 kila upande wa jiko la gesi na sinki, majani ni ya kromu, nikayachangamsha kidogo ili yawe na umanjano wa jani changa. Shaba naipeleka pembeni, karibu na dirisha, ambako mwanga unaipitia na ndimu haifiki. Tofauti ya kijani hiki na kile inaonekana ukiitafuta. Mteja akiniuliza kwa nini tawi lilelile lina kijani cha aina mbili, namwambia ukweli wa ndimu, kisha namwonyesha mpesheni wa uani kwangu, upande wa juani na upande wa kivulini.