Kabla hujanunua kadi ya grafiki ya kuhariria video

Swali ninaloulizwa sana na wahariri wa video hapa Kisumu ni hili: “Fundi, ninunue kadi gani ili mashine iende kasi?” Nami huwauliza langu: mashine yako inakwama wapi? Wengi hawajawahi kuangalia. Wanachojua ni kwamba mazishi ya Jumamosi kule Siaya yalirekodiwa saa nne mfululizo, jamaa walio ng'ambo wanaisubiri video, na ile asilimia kwenye skrini haisongi.

Ndani ya kadi mna sehemu tatu zinazomhusu mhariri. Dekoda hufungua klipu zilizotoka kwenye kamera. Kore, zile zinazohesabiwa kwa maelfu kwenye matangazo, hurekebisha rangi, huondoa chengachenga na kubadilisha ukubwa wa picha. Enkoda nayo huifunga, yaani huibana, kazi iliyokamilika iwe H.264 au HEVC, aina mbili za kubana video. Enkoda ya NVIDIA, mojawapo ya kampuni za kadi, inaitwa NVENC; ilianza mwaka 2012 na kizazi cha Kepler, na ni kipande kinachojitegemea ndani ya chipu, mbali na kore. Ndiyo maana kadi mbili za kizazi kimoja zinaweza kupishana bei sana, lakini zikikaribiana muda wa kutoa video ya mazishi isiyo na madoido mengi. Video ya muziki yenye rangi nzito ni habari nyingine: hapo kore na kumbukumbu ya kadi ndizo zinazoamua, na programu ya kuhariri kama DaVinci Resolve itakukataza kazi kumbukumbu ikijaa.

Basi pima. Ukiwa unarenda, yaani programu inatoa video iliyokamilika, fungua Task Manager ya Windows, bonyeza GPU, utazame grafu za 3D, Video Decode na Video Encode. Ikiwa Video Encode iko sufuri na prosesa imefika asilimia mia, enkoda imelala na programu inamtwika prosesa mzigo wote. Programu ya kuhariri ya Premiere Pro ilianza kutumia enkoda za kadi za NVIDIA na AMD kwenye Windows mwezi Mei 2020, kwa hiyo zile nakala za zamani zinazozungushwa mjini kwa flash hazitakusaidia hata ukiweka kadi ya bei gani.

Halafu, huenda enkoda unayo tayari. Mashine nyingi mjini ni desktop za ofisi za mtumba, tunazoziita ex-UK, zenye prosesa ya Intel. Intel walianza kuweka Quick Sync, yaani enkoda na dekoda zao, ndani ya prosesa mwaka 2011. Ya kizazi cha 4 hutoa H.264 lakini si HEVC; HEVC ilikuja na kizazi cha 6. Prosesa yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani, hivyo haina Quick Sync. Ukiongeza kadi, ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uhakikishe grafiki ya ndani haijazimwa, maana hizo mbili zinaweza kugawana kazi.

Desktop hizo, hasa zile nyembamba, zina pawasaplai ndogo isiyo na waya wa kulisha kadi. Unabaki na kadi fupi inayotosheka na wati 75 za tundu la ubao mama. GTX 1650 huingia hapo, lakini toleo lake la awali la 2019 lilipewa enkoda ya kizazi cha nyuma; 1650 Super ya mwaka huohuo ilipata ya kizazi kipya cha Turing, iliyo bora, ila inadai waya wake wa umeme. GT 1030 na RX 6400 ziepuke kabisa kwa kazi hii. Hazina enkoda, na muuzaji hatakwambia.

Kasi ina gharama yake. Kufunga video ni kutafuta kila kipande cha picha kilihamia wapi tangu fremu iliyopita. Prosesa ikitumia x264, programu ya kufunga H.264, kwa mpangilio wa polepole hutafuta kwa kina. Enkoda ya kadi hutafuta haraka na kusonga mbele. Kwa bitreti (kiasi cha data kwa sekunde) ndogo utaona tofauti kwenye mawimbi ya ziwa pale Dunga, au vumbi linapotimka watu wakicheza. Kwa bitreti ya kutosha, mteja haoni kitu. YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080p ya fremu 30, na itaifunga upya vyovyote vile, kwa hiyo mimi hupandisha zaidi ya hapo na kutumia kadi bila wasiwasi. Kwa wanaorusha mazishi moja kwa moja kwa OBS, programu ya kurusha matangazo, hata sibishani: NVENC humwacha prosesa apumue.

Wenye kamera mpya zinazorekodi 4:2:2 ya biti 10, yaani video yenye rangi nyingi zaidi, hulalamika taimlaini inagugumia ingawa kadi ni kali. Kadi za NVIDIA hazikuweza kufungua aina hiyo hadi RTX 50 ya mwaka 2025. Quick Sync ya kizazi cha 11 huifungua ikiwa ni HEVC. Kama huna hizo, tengeneza proksi, nakala nyepesi za klipu za kuhariria, usiku, stima ikiwepo.

Nakala ya familia ni suala la pekee. Saa nne kwa megabiti 8 ni kama GB 14, na flash iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Kuna TV zisizosoma exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa, kwa hiyo ni salama kuikata video vipande. Na ziwe H.264, kwa sababu TV nyingi za zamani hazichezi HEVC.