Ini lenye mafuta si cheti cha ulevi

Tangu kampeni ya kupima presha na kisukari ianze mitaani, dirisha letu la malalamiko hospitalini hapa Lamu limekuwa likipokea kesi za aina moja. Mtu anapigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa, ripoti inarudi imeandikwa kwamba ini lina mafuta, na kabla hajafika kwake mtaa ushamhukumu: kumbe huyu anakunywa kisirisiri. Mama mmoja wa Langoni, mtu wa swala tano, alituletea ripoti imekunjwa mara nne ndani ya mkoba, akauliza kama twaweza kuifuta sentensi ile kwa kuwa mwanawe anaposa karibuni. Hatuwezi. Ripoti ya kitabibu haifutwi. Lakini sentensi ile haisemi hayo ambayo watu wanaisingizia.

Tuwe wakweli: dhana hii haikuzuliwa barazani. Ilitoka kwa madaktari wenyewe, na iliwachukua karibu miaka 150 kuiacha.

Wafugaji walijua mapema. Warumi wa kale waliwashindilia bata bukini tini mpaka maini yao yakavimba kwa mafuta, yakawa kitoweo cha wakubwa. Bata hao hawakuonja tone la mvinyo. Tabibu ndiye aliyechelewa. Mwaka 1836 Thomas Addison, wa hospitali ya Guy's jijini London, aliandika kuhusu ini lililojaa mafuta na kulihusisha na pombe. Vienna nako, Karl Rokitansky, aliyeishi akipasua maiti kutafuta chanzo cha vifo, akaona mafuta na makovu ya ini vikiandamana. Hawakukosea; pombe hujaza ini mafuta hadi leo, na anayekunywa asijifiche nyuma ya makala hii. Kosa lilikuja baadaye, sababu moja ilipofanywa kuwa ndiyo pekee.

Na dalili za sababu nyingine zilikuwa mezani. Nchini Marekani, mwaka 1884, daktari Pepper alieleza ini lenye mafuta kwa mgonjwa wa kisukari. Mwaka uliofuata daktari mwingine, Bartholow, akalihusisha na unene. Mwaka 1938 Connor akaonyesha kwamba mafuta hayo yaweza kuishia kwenye makovu kwa wenye kisukari kama kwa walevi. Yalisomwa, yakawekwa kabatini.

Bara letu nalo lilitoa ushahidi ambao watu hawapendi kuukumbuka. Miaka ya 1930, Cicely Williams aliandika kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, juu ya kwashakoo. Baadaye Hugh Trowell na wenzake wakaifuatilia Uganda. Mtoto kaachishwa ziwa, analishwa uji mtupu, miguu imevimba, ngozi inababuka, na ini lake limejaa mafuta. Kwa hiyo anayekuja dirishani na kutuambia "mimi mwembamba, mashine yenu imekosea", tunamwomba akae kitako kwanza. Wapo wembamba wengi wenye mafuta kwenye ini, baadhi yao kwa urithi: mwaka 2008 watafiti walitambua kwamba aina moja ya jeni iitwayo PNPLA3 huongeza mafuta hayo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha daktari Samuel Zelman, mwaka 1952. Alikuwapo mhudumu wa hospitali, mnene, ambaye ini lake lilikuwa limeharibika naye akinywa zaidi ya chupa 20 za Coca-Cola kwa siku. Zelman akachunguza watu wanene 20 wasio walevi na kukuta wengi wao maini yameathirika. Nikiona soda ya lita mbili katikati ya sinia la pilau, na kila mtu akijipongeza kwamba hapa hapanywewi kitu cha haramu, humkumbuka mhudumu yule.

Kilichokwamisha elimu ni vifaa pia. Kabla ya sindano ya Menghini ya mwaka 1958, iliyotoa kinyama cha ini kwa muda wa sekunde moja, kumchunguza ini mtu aliye hai ilikuwa kazi ya hatari. Sindano ilipoenea, vinyama vikaanza kuwasuta madaktari. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Minnesota, Marekani, walieleza wagonjwa 20, wengi wao wanawake, wanene kiasi, wengi wenye kisukari au mawe ya nyongo. Chini ya darubini maini yao yalifanana na ya walevi, na walevi hawakuwa. Waliugundua ugonjwa huo hauna hata jina, wakaupa lenye maneno "usio wa pombe". Waliandika pia kwamba kuutambua kungewaepusha madaktari na aibu ya kubishana na wagonjwa wao kuhusu pombe. Yaani yule mama wa Langoni alikuwa na wenzake Minnesota miaka mingi iliyopita.

Jina lile la kusema "usio wa pombe" lilidumu hadi 2023, vyama vya madaktari wa ini vilipokubaliana kulibadilisha. Sasa ugonjwa unatajwa kwa chanzo chake: unene, kisukari, presha, mafuta ya damu yaliyovurugika. Kadiri ya watu wazima 3 kati ya 10 duniani wanao. Wote hao hawawezi kuwa wanakunywa kisirisiri.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo muda wetu unapopotea.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako huduma ya msingi chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, hailipiwi ukishajisajili. Hospitali ni lazima michango iwe imelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Njoo na kitambulisho na barua ya rufaa. Picha ya tumbo hupigwa ukiwa umefunga kula angalau saa sita. Maji matupu hayana neno. Mtu anatoka Kizingitini na boti ya alfajiri, anafika keshakunywa chai na mahamri, kibofu cha nyongo kimejikunja hakionekani sawasawa, arudi siku nyingine, na lawama ni zetu.

Picha peke yake haitoshi. Inaonyesha mafuta, haituambii makovu yamefika wapi, na makovu ndiyo yenye hatari. Kwa hayo tuna hesabu ya FIB-4, iliyotolewa mwaka 2006: umri zidisha kwa AST, kisha gawanya kwa chembe sahani (zile za kugandisha damu) zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT; AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Mtu wa miaka 52 mwenye AST 38, ALT 45 na chembe sahani 240 anapata kama 1.2. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Anaendelea na kliniki ya kawaida. Zaidi ya 2.67, anapewa rufaa kwa bingwa. Katikati, anahitaji kipimo cha ugumu wa ini. Aliyepita miaka 65 ana kikomo chake cha chini, 2.0. Pia tutakupima homa ya ini ya B na C, na tutakuuliza kuhusu pombe. Tunamuuliza kila mtu, imamu na baharia, si tusi.

Kuhusu chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa mitandaoni na hata gatini: Marekani haikuwa imeidhinisha dawa yoyote ya ugonjwa huu hadi Machi 2024, ilipopitisha resmetiromu kwa wenye makovu ya kati hadi makubwa. Muuzaji anayedai chupa yake yatibu kwa siku saba aulizwe namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa lenye faini, kifungo au vyote viwili, na baadhi ya mitishamba yenyewe huua ini.

Kinachofanya kazi kimepimwa. Utafiti wa Cuba uliochapishwa 2015 ulifuatilia wagonjwa 293 kwa mwaka mzima; waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, uvimbe wa ini ulitoweka kwa 9 kati ya 10. Mtu wa kilo 90 ashushe 9, polepole. Kahawa chungu endelea nayo, tafiti zinaihusisha na makovu machache. Halua inayoandamana nayo ndiyo tuzungumze.

La mwisho ni siri. Matokeo ya afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mhudumu anayeyatoa nje bila idhini anajitia kwenye faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Mwenye lalamiko aliandike: jina lake, tarehe, kituo, na kilichotokea, kisha alilete dirishani na nakala ya ripoti, agongewe muhuri na kupewa namba. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hausajiliwi.