Kofia ya Mkono Haitanuki, na Mengine Ninayochoka Kuyarudia

Kila mwezi wa Shaabani ukiandama, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni ule ule: “Fundi, wewe anza tu kushona, kichwa changu cha kawaida. Ikibana itatanuka, ikizidi utapunguza.” Kichwa cha kawaida ndicho kipi? Vipimo ninavyoletewa vya wanaume wazima huanzia kama sentimita 54 na kufika 60, na wenye vichwa hivyo wote huniapia kuwa vyao ni vya kawaida.

Na itatanukaje? Kofia ya viua, yaani yenye nakshi za matundu madogo yaliyoshonwa kwa mkono, ni tabaka mbili za kitambaa cha pamba zilizobanwa pamoja kwa uzi kutoka ukingo hadi ukingo. Kila tundu limezungushiwa mishono, na kila mshono umekishika kitambaa kisiende popote. Inayotanuka ni kofia ya kufuma, na hiyo mimi sifanyi. Pamba hii yangu ikiona maji mara ya kwanza hupungua, ndiyo maana bafta, hicho kitambaa cheupe cha pamba, nailowesha usiku kucha kabla ya kuikata. Kitambaa kisipoloweshwa, kikapungua hata asilimia 3 tu, kofia ya sentimita 56 imekula zaidi ya sentimita 1 na nusu, na mwenyewe atasema fundi alikosea.

Hilo la kutanuka ningelivumilia. Linaloniudhi hasa ni “utaongeza baadaye.” Watu wanadhani nakshi huja kwanza na kipimo kinafuata, kama suruali inavyotolewa kiuno kwa fundi cherehani. Kofia haiko hivyo, kwa sababu nakshi inatokana na kipimo. Tuseme kichwa ni sentimita 56 na nimekusudia maua ya upana wa sentimita 4. Yanaingia 14 barabara, na la mwisho linakutana na la kwanza nyuma kwenye mshono, hata usijue duara lilianzia wapi. Sasa mteja anapiga simu, amepima upya, ni 57.5. Kama bado niko kwenye penseli, hakuna neno. Ile sentimita 1.5 naigawa kwa maua yote 14, kila moja linaongezeka milimita 1 na kidogo, jicho halishtuki. Lakini kama sindano imeshapita, niiweke wapi? Nikiongeza kipande nyuma, patakuwa na pengo katikati ya maua mawili, na huyo huyo aliyesema “ongeza” ndiye atakuwa wa kwanza kulinyooshea kidole. Nikitakiwa kupunguza, nakata ua katikati. Kipande cha juu nacho hakisalimiki: mzunguko ukizidi sentimita 1.5, upana wake unazidi karibu nusu sentimita, na nakshi ya katikati haijai tena mpaka ukingoni. Hapo hatuzungumzii marekebisho, tunazungumzia kofia ya pili, na bei ya pili.

Wapo wanaodhani wamepata njia ya mkato: “Nitakuletea kofia yangu ya zamani, pima hiyo.” Lete, ila nitaipima kwa ndani. Unene wa milimita 2 tu unafanya mzunguko wa nje uzidi wa ndani kwa zaidi ya sentimita 1. Na kama kofia yenyewe ilikuwa inakubana miaka yote, kwa nini unataka niirudie?

Kupima hakuhitaji fundi. Kama utanyoa kwa ajili ya Idi au harusi, nyoa kwanza. Chukua uzi usiovutika (nimeshaletewa lastiki, jamani), uzungushe kichwani kidole kimoja juu ya nyusi, upite nyuma pale kisogo kinapochomoza, bila kuukaza. Utie alama, uunyooshe kando ya rula, piga picha uzi na rula pamoja, nitumie. Walioko Muscat hufanya hivyo hivyo na kofia zinawakaa. Anayenisumbua ni jirani wa kichochoro cha pili anayeona kupima ni kupoteza wakati.

Mgeni akifika huuliza, “Karakana iko wapi?” na hali ameikalia. Hapa Mji Mkongwe kuta ni nene, vichochoro vyembamba, na jua linaingia ndani kwa zamu. Basi kazi hulifuata: asubuhi dirishani, mchana uani, alasiri barazani. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe chini ya taa haupambanuki, na nikijidai kushona usiku, asubuhi nafumua. Usiku nachora. Vyombo vyangu vyote vinaenea kwenye kikapu cha ukindu, isipokuwa beseni la kunawia mikono na taulo jeupe la kutandika mapajani, maana kanga mpya ikipata jasho inachuja rangi. Na ukinikuta barazani nazungumza na majirani, usichukulie kwamba nimepumzika na bei ipungue. Mdomo unazungumza, macho yanahesabu matundu.

“Nakshi ni zile zile za wazee, unanakili tu.” Tundu ni lile lile, kweli. Mpangilio si ule ule, na nina rundo la karatasi zilizofutwafutwa za kuthibitisha. Ua linalopendeza kwenye karatasi bapa linaweza kuonekana limebanwa likizungushwa kichwani, kwa hiyo kila mchoro naukata, naufunga duara, nauangalia kwa mbali kabla haujagusa bafta.

“Iliyo bora ni ile isiyo na kosa hata moja.” Ya mashine hiyo. Geuza ndani uone: mashine hutumia uzi wa juu na uzi wa chini, na mgongoni mara nyingi nyuzi zake zinaruka moja kwa moja kutoka ua hadi ua. Nenda kainunue, sina ugomvi nayo, ila usije kwangu na bei yake.

La mwisho ni kuifua kofia kwa jiki. Hapana. Jiki huidhoofisha pamba mpaka matundu yanachanika, na kama uzi ni wa hariri, unageuka njano kisha unakatika. Fua kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, kwa viganja, usikamue. Suuza, tia wanga mwepesi, ivishe bakuli linaloenea kipimo chako, anika kivulini penye upepo. Ikibaki na mikunjo, pasi ya uvuguvugu kwa upande wa ndani, juu ya taulo, ili viua visilale.