Kikaratasi cha Kuchovya Hakijui G6

Wiki hii nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka Limuru. “Daktari, ndama wanaharisha. Tumepima, ni G6.” Mmepima na nini? “Kile kikaratasi cha kuchovya.” Nikanyamaza kidogo, nisije nikatamka neno baya.

Kikaratasi hicho hakijui G6, ambayo ni aina mojawapo ya rota, kirusi kinachoharisha ndama na watoto. Hakijui G yoyote. Kinanasa VP6, protini ya tabaka la kati la ganda la kirusi, ambayo inafanana mno kwa rota zote za kundi A, ziwe za ndama, za nguruwe au za watoto wetu. Mistari miwili ikitokea, umejua kuna rota ya kundi A kwenye kinyesi, basi. Aina hutajwa na protini mbili za nje: VP7 inatoa G, VP4 inatoa P. Kuzijua lazima utoe RNA (chembe za urithi za kirusi), uendeshe RT-PCR, kipimo cha maabara kinachozinakili mara nyingi, usome mfuatano wa jeni. Kwa ng'ombe mara nyingi utakutana na G6, G8 au G10, pamoja na P[1], P[5] au P[11]. Nilipombana, jamaa akakiri: G6 aliisoma kwenye karatasi ya chanjo.

Na mabano hayo ya mraba si mapambo! Kuna hesabu mbili. Ya zamani ilipanga virusi kwa kingamwili, namba zake hazina mabano. Ya sasa inapanga kwa jeni. Upande wa G hesabu hizo zinalingana, kwa hiyo hakuna anayeumia. Upande wa P kila moja ilishika njia yake. Rota ya ndama iitwayo B223, ikiandikwa kamili, ni P8[11]: ya 8 kwa kingamwili, ya 11 kwa jeni. Sasa P[8] ni ya binadamu, ndiyo iliyomo kwenye Rotarix, chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto 2014. Futa mabano, andika “P8” tupu, na ndama wa Githunguri atakuwa ameugua rota ya mtoto wa Kawangware. Kuna mtu aliwahi kuyafuta kwenye ripoti yangu yote “ili isomeke vizuri”. Na si kwamba rota haziruki kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa watu. G8 zinazoonekana kwa watoto wa Afrika zinashukiwa kuwa na asili hiyo, ndiyo maana sitaki uvumi mwingine unaozaliwa na uvivu wa kupiga chapa.

Mimi mwenyewe nina yangu ya kuungama. Mara nyingine G inatoka safi, P inagoma, na siwezi kuapa kama RNA imeoza, praima (vipande vya kuanzishia kunakili) hazishiki, au ni kitu kigeni. Mbaya zaidi, ndama mmoja anaweza kubeba rota mbili. Nikiandika G6P[11] nimechukulia kwamba zote mbili zimetoka kwa kirusi kimoja. Huenda sivyo.

Tiba haibadiliki: maji yenye chumvi na glukosi, maziwa yasikatwe. Antibiotiki haigusi rota. Dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ilitakiwa saa za kwanza baada ya kuzaliwa.

Nimemwambia wa Limuru alete kinyesi cha ndama aliyeanza leo, si cha yule wa wiki jana, kikiwa kwenye barafu. Kimefika kwenye chupa ya soda, bila barafu. Kifuniko kilikuwa kimebana, angalau.