Kijiko upande mmoja, mraba na duara upande wa pili

Nilianza ufundi mitambo enzi ambazo utepe wa kurekodia sauti ulikatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi. Tangu wakati ule, nikishika santuri ndogo, zile za mizunguko 45 ziitwazo singo, naigeuza kwanza. Upande wa kwanza kampuni imeupigia hesabu: ndio wa redioni, ndio wa kuuza. Upande wa pili mara nyingi umewekwa kwa kuwa nafasi ipo, na huko ndiko unakowasikia wanamuziki kabla hawajavaa nguo za kutokea.

Singo ninayotaka kuieleza ilitoka Ujerumani Magharibi mwaka 1971. Bendi ni Can, ya Cologne. Upande A ni "Spoon", yaani kijiko. Upande B ni "Shikako Maru Ten", jina lililotoka kwa mwimbaji wao Mjapani, Damo Suzuki: mraba, duara, nukta.

Kijiko hicho kiliagizwa na kisu. Televisheni ya Ujerumani ilikuwa inatayarisha tamthilia ya upelelezi ya sehemu tatu, "Das Messer", maana yake "Kisu", kutokana na hadithi ya Mwingereza Francis Durbridge. Tamthilia za Durbridge Wajerumani waliziita wafagia barabara, kwa sababu zikianza kuonyeshwa watu wote walikuwa ndani na nje kweupe. Can wakapewa kazi ya muziki wa utambulisho. Fikiria bendi iliyotoka kutoa albamu ya santuri mbili, "Tago Mago", ambamo wimbo mmoja unakula upande mzima, sasa inatakiwa kusema yote kwa dakika tatu hivi na kusikika kila sebule nchini.

Walichofanya ndicho kinachonirudisha kwenye wimbo huu kila mara. Waliwasha mashine ya midundo. Mashine hizo wakati ule zilikuwa visanduku vya kumsindikiza mpiga kinanda nyumbani au hotelini, zenye vitufe vya rumba, waltz na mengineyo. Mpiga ngoma wa kawaida angeiona kama mtu aliyeletwa kumnyang'anya kazi. Jaki Liebezeit hakuizima wala hakushindana nayo, alikaa pembeni yake. Sikiliza kwa hedifoni: mashine inatikatika bila kuchoka, naye anaingiza mapigo kwenye mianya yake, mpaka unashindwa kujua lipi ni la umeme na lipi ni la mkono. Miezi ile ile Marekani, mwanamuziki Sly Stone alikuwa na "Family Affair" juu ya mashine ya namna hiyo. Nyimbo mbili, mabara mawili, na zote zikapanda chati.

Liebezeit alikuwa ametokea kwenye jazi huria, ile isiyotaka mdundo urudi ulikotoka. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mtu mmoja alimfuata akamwambia apige kitu kimoja, akirudie. Alilichukua neno hilo kama wasia. Irmin Schmidt wa kinanda na Holger Czukay wa besi walikuwa wanafunzi wa Karlheinz Stockhausen, mtunzi aliyegeuza utepe na mitambo kuwa ala. Michael Karoli wa gitaa alikuwa mwanafunzi wa Czukay. Damo walimwokota mtaani Munich mwaka 1970: Czukay na Liebezeit walikuwa wamekaa mkahawani, wakamwona kijana anaimba barabarani, wakamwalika jukwaani usiku uo huo. Kwenye "Spoon" haongezi sauti kabisa. Ananong'ona karibu na kipaza sauti, na hilo lilifaa sana kwa hadithi ya mauaji.

Sasa igeuze.

"Shikako Maru Ten" hauna haraka yoyote. Hakuna tamthilia ya kutumikia. Mdundo unatembea kwa wepesi, kama mtu aliyetoka kazini jioni na hana miadi. Kama kwenye upande A Liebezeit anaishi ndani ya gridi ya mashine, hapa yeye ndiye gridi, nayo inapumua. Damo anaimba kama anayejisemea. Ukiusikiliza peke yake waweza kuuita mchoro ambao haujamalizika. Ukiusikiliza mara baada ya "Spoon" unagundua kitu kingine: ule ukavu wa upande A, kila kitu kubanwa na kukaa mahali pake, ni uamuzi uliofanywa na watu wenye uwezo wa kulegea hivi. Upande B ni ushahidi wa walichokiacha. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yake, na ndiyo sababu naona ni hasara kubwa kuwasikiliza Can kwa nyimbo teule tu.

Jambo la ufundi linalosaidia kuwaelewa ni hili. Miaka hiyo studio kubwa zilikuwa na tepu za njia 16: kila ala njia yake, unasahihisha baadaye. Can walirekodi kwa njia mbili tu, hadi mwaka 1975. Maana yake wote wanapiga kwa pamoja, na ukishanasa umenasa, huwezi kushusha gitaa kesho yake. Kilichobaki ni wembe wa Czukay. Alisikiliza masaa ya kupiga bila mpango, akachagua, akakata, akaunga.

Kukata utepe kuna siri moja. Nimekata taarabu: ukikosea kidogo tu, mwangwi wa ganuni unakatika ghafla na kila sikio linajua pamepita wembe. Muziki unaopanda na kushuka kasi ndio mgumu zaidi. Lakini mdundo wa Liebezeit haukimbii wala hausinzii. Pigo la dakika ya pili linaungana na pigo la dakika ya kumi na mbili bila kovu. Kule kurudia kwake ndiko kulikompa Czukay uhuru wa kukata popote. Ushahidi mzuri uko kwenye singo yao nyingine ya 1971. Upande A ni "Turtles Have Short Legs", wimbo wa kobe wenye miguu mifupi, piano inarukaruka, karibu ni wimbo wa watoto. Upande B ni "Halleluwah", ule ule unaozidi dakika 18 kwenye "Tago Mago", hapa umepunguzwa hadi dakika tatu na kitu. Usikilize ukijaribu kutambua maungio.

"Spoon" ilifika nafasi ya 6 Ujerumani na kuuza nakala zaidi ya 300,000. Februari 1972 bendi ikawashukuru watu kwa onyesho la bure kwenye ukumbi wa michezo wa Cologne. Wakapata pia studio yao katika jumba la zamani la sinema huko Weilerswist, ambalo kuta zake walizifunika kwa magodoro 1,500 ya jeshi ili kuua mwangwi. Mimi nimefanya kazi kwenye vyumba vilivyotandikwa trei za mayai na mazulia makuukuu, kwa hiyo magodoro hayo nayaelewa kabisa.

Mwishoni mwa 1972 "Spoon" ikafunga albamu yao iliyofuata, na sababu yake ni ya kibinadamu: Schmidt na Damo walikuwa wamezama kwenye sataranji, kazi ikachelewa, nyimbo hazikutosha, singo ikaongezwa. Albamu inaitwa "Ege Bamyasi" na jaladani kuna kopo la bamia. Sisi hatuhitaji kamusi hapo. Ni neno lile lile la Kiarabu lililokwenda kaskazini likawa bamya kwa Waturuki, likaja kusini likawa bamia kwetu. Wafanyakazi wa Kituruki walikuwa wakiingia Ujerumani kwa mkataba tangu 1961, na vyakula vyao madukani. Ndani ya albamu kuna "Vitamin C", kuna "Soup", na mwisho kijiko. "Shikako Maru Ten" haikualikwa mezani.

Miaka minne baadaye, 1976, Damo akiwa ameshaondoka, walipata wimbo mwingine wa chati: "I Want More", uliofika nafasi ya 26 Uingereza. Mashairi ni ya Peter Gilmour, fundi wao wa sauti za jukwaani, jambo linalonifurahisha mno. Upande B unaitwa "...and More" na ni mwendelezo wa mdundo ule ule. Waliokulia na santuri za rumba ya Kongo au benga ya Kenya wataujua mpango huu mara moja: sehemu ya kwanza hadithi na kuimba, unageuza, sehemu ya pili gitaa na miguu. Kule ilikuwa kawaida, hata ikaandikwa kwenye lebo. Can walifika hapo kwa njia yao.

Tangu 2017 pande zote hizi zimekusanywa kwenye "The Singles", nyimbo 23. Imetoka kwa Spoon Records, lebo iliyopewa jina la wimbo huu na kusimamiwa na Hildegard Schmidt, mke wa Irmin. "Spoon" ni ya tatu, "Shikako Maru Ten" ni ya nne. Usiruke, na usipunguze sauti katikati. Zingatia sekunde zile ambapo mashine imenyamaza na Liebezeit anaendelea bila yake.